Kuuza bia ya kiwanda kidogo nje ya nchi: mwongozo kamili, kutoka tangini hadi oda ya pili

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni lilelile, linabadilika nguo tu. Kiwanda kidogo kimepata mteja wa nje, kontena limepakiwa, picha zimepigwa. Kisha kimya. Miezi minane baadaye mwagizaji hapokei simu, na ghalani kwake kuna paleti nzima ya bia iliyobakiza wiki sita tarehe yake iishe.

Tukikaa kuchambua, bia ilivyotoka tangini karibu kila mara haikuwa na shida. Shida ni mpangilio. Watu huanza na mteja, kisha bei, kisha makaratasi, na suala la bia itakuwaje baada ya miezi minne njiani na ghalani linakuja mwisho, wakati maji yameshamwagika. Hapa tunaanza na bia.

Jambo jingine: oda ya kwanza siihesabu kuwa mafanikio. Mtu anaweza kununua mara moja kwa udadisi. Hatua zote hapa chini zinalenga oda ya pili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Leseni ya kutengeneza bia, usajili wa kuuza nje, na hesabu za ushuru wa bidhaa zisizo na deni.
- Kipimo cha oksijeni iliyoyeyuka, au makubaliano na maabara itakayokupimia.
- Cheti cha uchambuzi cha kila bechi kutoka maabara inayotambulika.
- Resipe kamili iliyoandikwa: kila kiungo, kiasi chake na kilikotoka. Utaulizwa na mamlaka za huko, na "siri ya kiwanda" si jibu wanalolikubali.
- Chumba au jokofu la sampuli, lenye katoni mbili za kila bechi utakayosafirisha.
- Bia mbili au tatu tu. Ukiniletea orodha ya bia kumi na mbili nitajua bado hujachagua.
- Fedha za kuendesha kiwanda kwa siku 120 au zaidi bila kutegemea malipo ya mzigo huu.
- Mtu mmoja anayeshika faili. Wawili wakishika, hakuna anayeshika.

## Hatua ya 1: Izeeshe bia yako mwenyewe kwanza

Watengenezaji bia wana kanuni ya makadirio wanayoiita 3-30-300. Bia huzeeka kwa kiasi kinachokaribiana ikikaa siku 3 kwenye nyuzijoto 32, siku 30 kwenye nyuzijoto 22, au siku 300 kwenye nyuzijoto 3. Sasa fikiria kontena la kawaida, lisilo na ubaridi, likisubiri juani bandarini. Ndani linaweza kupita nyuzijoto 50. Wiki moja ya hapo inakula maisha ambayo jokofu lingeyatunza kwa miezi.

Kwa hiyo fanya safari hiyo hapo hapo kiwandani. Chukua katoni mbili za bechi moja. Moja iweke kwenye jokofu la nyuzijoto 3. Nyingine ifungie kwenye kabati lenye nyuzijoto 30, kwa wiki nne.

Baada ya hapo waite waonjaji 12. Kila mmoja apewe glasi tatu zenye namba: mbili za bia moja, ya tatu ya nyingine. Kazi yake ni kutaja ile ya tofauti. Kwa kubahatisha tu, mmoja kati ya watatu atapatia. Wakipatia 8 au zaidi kati ya 12, tofauti ipo kweli na mteja wa nje ataionja pia.

Waulize tofauti hiyo inanukaje. Wakisema boksi lililolowa, karatasi, asali iliyokaa sana, hiyo ni oksijeni. Kama bia yako ni ya hopi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), dalili huja mapema zaidi: harufu ya matunda inafifia na rangi inaelekea kahawia, hasa kwenye zile bia nzito zenye ukungu. Ndiyo sababu bia zenye kilevi kikubwa, bia nyeusi na bia zenye ladha ya uchachu huvumilia safari kuliko bia za hopi. Kama bia yako maarufu nyumbani ni ya hopi, kubali kwamba huenda siyo itakayokufungulia mlango nje.

Oksijeni. Lenga chini ya mikrogramu 50 kwa lita ndani ya kopo lililofungwa. Kabla ya kupima, litikise kopo kwa dakika kadhaa, maana oksijeni nyingi hukaa kwenye nafasi ya hewa juu ya bia. Ukipima bila kutikisa utapata namba nzuri ya uongo.

Hamira. Ukiamua kupasteurisha, yaani kuipasha bia joto ili kuua hamira na vijidudu, kumbuka kizio kimoja cha kipimo chake ni dakika moja kwenye nyuzijoto 60, na bia nyingi hupewa kati ya vizio 15 na 30. Usipopasteurisha, hakikisha hakuna sukari iliyobaki wala hamira ya kundi la diastaticus, ambayo hula hata wanga ambao hamira ya kawaida huuacha. Bia inaendelea kuchacha ndani ya kopo, polepole, na joto linaisukuma.

Hili la mwisho nimelilipia. Tulipeleka bia ya matunda bila kuipasteurisha kwa sababu "ilikuwa imetulia". Mwagizaji alitutumia video. Katoni ya chini ya paleti imelowa na inanata, na makopo ya juu yamevimba kitako, akiliweka moja mezani halisimami, linayumba kama pia inayokaribia kuanguka. Hakusema neno. Aliliyumbisha tu kwa kidole, mara tatu.

Umefaulu hatua hii pale waonjaji wanaposhindwa kutofautisha glasi, au wanapotofautisha lakini bia iliyozeeka bado ungeiuza kwa jina lako bila aibu.

## Hatua ya 2: Chagua soko moja

Soko lenye watu wengi si lazima liwe soko lako. Angalia kwanza nani ana haki ya kununua bia yako huko.

Sweden, bia yenye kilevi zaidi ya asilimia 3.5 huuzwa madukani na Systembolaget, duka la serikali, na kuingia kwenye rafu zake za kudumu mara nyingi ni kwa zabuni zenye masharti yaliyoandikwa. Norway mpaka ni asilimia 4.7, na juu ya hapo ni Vinmonopolet. Kanada bodi za vileo za majimbo zina sauti kubwa, kama LCBO ya Ontario. Mnunuzi mmoja mkubwa ana faida: akikubali, umeingia kila mahali. Akikataa, hakuna mlango wa pili.

Marekani, kwa ujumla, bia hupita ngazi tatu: mwagizaji, msambazaji, muuzaji wa rejareja. Kila ngazi inakula faida yake, na kila jimbo lina sheria zake.

Ujerumani hutoza ushuru wa bia kwa nyuzi Plato, yaani uzito wa sukari kabla ya kuchacha, huku nchi nyingine zikitoza kwa kiwango cha kilevi. Huko huko makopo na chupa zisizorudishwa hubeba amana ya senti 25 za yuro, hata kwa bia ya nje, na lazima mtu asajiliwe kuisimamia. Japani, kinachoitwa bia kisheria kinategemea kiasi cha kimea na viungo vilivyoongezwa. Tangu Aprili 2018 kimea kinapaswa kufika angalau asilimia 50, na matunda au viungo visizidi asilimia 5 ya uzito wa kimea. Ukizidisha embe, bia yako inaingia kundi jingine, na lebo inabadilika.

Kabla ya kuamua, mtumie mtu aliye huko anunue bia kumi zinazofanana na yako na apige picha tarehe zake. Ukikuta nyingi zimebakiza mwezi mmoja, soko hilo linachukua bia nyingi kuliko linavyoinywa.

## Hatua ya 3: Sajili jina kabla ya kulionyesha

Fupi lakini usiiruke. Katika nchi kama China, anayewasilisha maombi kwanza ndiye mwenye nembo, hata kama wewe umeitumia miaka kumi kwenu. Ukishaomba kwenu, Mkataba wa Paris wa mali za kiviwanda unakupa miezi 6 ya kuomba kwingine huku ukihesabiwa tangu tarehe ya mwanzo. Mfumo wa Madrid unaosimamiwa na WIPO, shirika la dunia la hakimiliki na nembo, hukuwezesha kutaja nchi nyingi kwa ombi moja, ila usajili huo hutegemea ule wa nyumbani kwa miaka 5. Wa nyumbani ukianguka, na ule wa nje unaanguka.

Usisubiri maonyesho ya biashara yaishe ndipo uombe.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ukianzia rafuni

Wengi hukokotoa kwa kuongeza: gharama, faida, usafiri, basi. Geuza. Anza na bei ambayo mnywaji wa huko anailipa leo kwa kopo linalofanana na lako, kisha ondoa kila anayekula njiani.

Tuseme bei ya rafuni ni 100. Asilimia hizi ni za mfano. Weka za soko lako:

- Kodi ya ongezeko la thamani asilimia 20: zinabaki 83.
- Muuzaji wa rejareja anabaki na asilimia 30 ya bei yake: zinabaki 58.
- Msambazaji asilimia 25: zinabaki 44.
- Mwagizaji asilimia 25: zinabaki 33.
- Ushuru wa bidhaa, tuseme 8: zinabaki 25.
- Usafiri, bima na forodha, tuseme 6: zinabaki 19.

Hizo 19 ndizo zako. Ndani yake mna kopo, katoni, paleti, kimea, hopi, mishahara, umeme, na sampuli za bure ambazo utaombwa bila haya. Kama kopo moja linakugharimu 15, kuna biashara. Likigharimu 20, acha, au badilisha bia. Usijiambie kwamba utapata hasara mwaka mmoja "kujenga soko". Mwagizaji akishazoea bei hiyo hatakubali nyingine.

Hapa ndipo chaguo la kifungashio linapokuwa la pesa. Chupa tupu ya mililita 330 ina uzito wa takriban gramu 200; kopo la ujazo huohuo halifiki 20. Kontena la futi 20 huchukua paleti 10 za mita 1 kwa 1.2, au 11 za vipimo vya Ulaya, lakini kwa chupa utafikia kikomo cha uzito cha barabarani haraka kuliko kwa makopo. Unasafirisha kioo.

## Hatua ya 5: Mpime mwagizaji kabla hajakupima

Swali ninalolipenda kumuuliza mwagizaji mpya: bia gani umeacha kuuza, na kwa nini? Anayejibu kwa utulivu, akitaja kosa lake na la mwenye bia, huyo endelea naye. Anayelaumu kila mtengenezaji, jua zamu yako inakuja.

Omba picha ya ghala lake la baridi, kipimajoto kikionekana. Akisema bia hukaa "mahali pazuri", uliza nyuzi ngapi.

Mkataba uguse mambo haya, hata kama mnapendana:

- Eneo. Mpe jimbo au nchi moja, usimpe bara.
- Muda na kiwango cha chini cha kununua. Asipokifikia, haki ya kipekee inaisha.
- Ubaridi kutoka bandarini hadi kwa msambazaji.
- Ripoti ya kila mwezi ya bia iliyotoka ghalani, siyo iliyoingia.
- Nani analipia bia iliyopita tarehe.

Onyo la Marekani: majimbo mengi yana sheria zinazomlinda msambazaji wa bia, na ukishampa chapa yako kumwondoa ni kazi ya wanasheria. Pia kibali cha lebo cha huko, COLA, hutolewa kwa mwagizaji, si kwako. Ukimbadilisha, mpya anaomba chake.

## Hatua ya 6: Lebo

Usichapishe hata kopo moja kabla ya kibali cha maandishi. Kwa mzigo wa kwanza tumia stika ya nyuma inayovumilia maji. Bia ikitoka kwenye barafu stika ya karatasi hujikunja na kubanduka, na bila stika bia hiyo si halali.

Kwa Marekani lebo ipite TTB, mamlaka yao ya kodi ya vileo na tumbaku. Ujazo uandikwe kwa aunsi au painti za huko, siyo mililita peke yake, na onyo la afya la serikali liwepo neno kwa neno kwa kinywaji chenye kilevi cha asilimia 0.5 au zaidi. Bia yenye matunda au viungo inaweza kuhitaji kibali cha fomula kwanza. Kiwanda kijisajili pia FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, na kila mzigo utanguliwe na taarifa kwao.

Kwa Umoja wa Ulaya msingi ni Kanuni 1169/2011. Taja viambato vinavyoleta mzio, na usisahau: shayiri na ngano, maziwa kama ulitumia laktosi, salfaiti zikizidi miligramu 10 kwa lita. Kilevi kinachoandikwa kiwe ndani ya nusu asilimia ya kilichopimwa kwa bia isiyozidi asilimia 5.5, na ndani ya asilimia 1 kwa yenye nguvu zaidi. Namba ya bechi iwepo. Lugha ni ya nchi inakouzwa.

China inataka kiwanda kisajiliwe na mamlaka yake ya forodha. Utaratibu huo ulianza Januari 2022.

## Hatua ya 7: Kegi na paleti

Kegi, yaani mapipa ya bia ya kumiminwa baa, zikiwa za chuma hazirudi. Kwa nje tumia za plastiki za matumizi ya mara moja, na uliza kichwa cha kegi kabla ya kujaza: sehemu kubwa ya Ulaya hutumia aina ya S, Marekani aina ya D. Kegi yenye kichwa kisichoingia kwenye bomba la baa ni stuli ya gharama kubwa.

Paleti za mbao ziwe na muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha kuzuia wadudu wa mbao; kwa kawaida maana yake kiini cha mbao kimefika nyuzijoto 56 kwa dakika 30. Mzigo mzima unaweza kuzuiwa kwa mbao, bia yenyewe ikiwa haina kosa.

## Hatua ya 8: Nani anabeba nini, na pesa inakuja lini

Tumia masharti ya Incoterms 2020, yaani kanuni za kimataifa za nani analipia na kubeba hatari ya mzigo hadi wapi, na uyaandike kwenye ankara pamoja na jina la mahali. Kwa kontena ninapendekeza FCA: unalikabidhi kwa msafirishaji mliyemtaja, na forodha ya kutoka unaimaliza wewe.

EXW, ambapo mnunuzi huchukua mzigo mlangoni kwako, inavutia kwa sababu inaonekana haina kazi, lakini aliyepaswa kutoa bia nchini ni mnunuzi. Akizembea, hutakuwa na ushahidi kwamba bia ilitoka, na mamlaka ya kodi ya kwenu itakudai ushuru kana kwamba ilinywewa nyumbani. DDP ikimbie, inakufanya wewe mlipa ushuru wa nchi usiyoijua.

Ukiuza CIF, ambapo wewe unalipia usafiri na bima hadi bandari ya mnunuzi, bima unayolazimika kununua ni ya kiwango cha chini kabisa, na haitakulipa kwa sababu jokofu la kontena lilizimika. Kipengele cha kuharibika kwa mtambo wa ubaridi kinaongezwa kwa ombi.

Malipo: nusu kabla ya kupakia, nusu dhidi ya nakala ya hati ya shehena. Benki ikitoa barua ya muamana, yaani ahadi yake ya kukulipa ukileta hati sahihi, chini ya kanuni za kimataifa za UCP 600, kumbuka benki inakagua karatasi, haionji bia. Jina la bia likiandikwa namna mbili kwenye hati mbili, malipo yanaweza kukwama.

## Hatua ya 9: Siku ya kupakia

Bia iwe mpya, isizidi wiki mbili tangu ifungwe. Iwe imeshapoa pia. Kontena la ubaridi hutunza joto la mzigo. Halikuundwa kupoza tani za bia vuguvugu. Weka nyuzijoto 4. Ukishusha sana unacheza na barafu, maana bia ya asilimia 5 huanza kuganda kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri.

Usipakie kupita mstari mwekundu wa juu wala kuziba njia za hewa sakafuni. Weka vifaa viwili vya kurekodi joto, kimoja katikati, kimoja karibu na mlango. Piga picha ya kila paleti, ya mlango uliofungwa, na ya namba ya lakiri.

Faili liwe na ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, cheti cha asili, cheti cha uchambuzi, cheti cha afya kikitakiwa, na tamko la forodha lenye msimbo 2203, ambao ndio wa bia ya kimea. Uthibitisho wa kutoka nchini ukija, uweke nakala mbili.

## Hatua ya 10: Baada ya kufika

Siku kontena linapofunguliwa, omba faili la vifaa vya joto kabla ya kuuliza habari za mauzo. Kisha fungua kopo la bechi hiyohiyo kutoka jokofu lako la sampuli, mwagizaji afungue la kwake, mwonje pamoja kwenye simu ya video. Mkikubaliana juu ya harufu na povu, una kianzio cha mazungumzo yote yajayo. Msipokubaliana, umejua tatizo katika wiki ya kwanza.

Kila mwezi angalia namba tatu: katoni zilizotoka, katoni zilizobaki kwa kila bechi, na bei ya rafuni. Bei ikishuka bila wewe kuambiwa, mtu anasafisha ghala. Uliza siku hiyohiyo.

Bia ikibakiza theluthi moja ya maisha yake na bado imerundikana, kubalianeni iondolewe. Inauma. Lakini kopo bovu lenye jina lako likibaki rafuni, kila anayelinunua anajifunza kutokununua tena.

Oda ya pili ikija, ilinganishe na ya kwanza mstari kwa mstari. Bia ileile kwa wingi uleule au zaidi, ndani ya miezi minne au mitano, ina maana watu wanakunywa. Ikija ikiwa imebadilishwa yote, bia mpya kila mstari, mwagizaji bado anauza udadisi. Mpigie simu umuulize ile ya kwanza iko wapi.